Embriolojia: maswali ya kuchagua nayapata, testi inanishinda. Nipige msuli vipi?

msuli_wa_usiku

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza udaktari, semista ya pili, na embriolojia (somo la jinsi mtoto anavyoumbika tumboni) ndiyo inayoninyima usingizi. Anatomia ya mkono na mguu nilienda nayo vizuri, maana maiti ipo mezani, unashika msuli, unafuata neva kwa kidole hadi inapoishia. Huku hakuna cha kushika. Jumatatu unaambiwa tabaka ni mbili, Ijumaa zimekuwa tatu, wiki inayofuata zimejikunja na kila kitu kina jina jipya.

Madesa ya mhadhiri ni slaidi za michoro isiyo na maelezo. Kwa hiyo nikahamia kwenye maswali ya kuchagua. Nimeshusha programu ya simu yenye mamia ya maswali ya embriolojia, na pepa za nyuma nimepewa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Nayafanya kwenye daladala, nayafanya kitandani. Seti niliyoizoea naipata karibu yote. Lakini testi zetu zinakuja kwa mtindo wa kweli/si kweli, swali moja vipengele vitano, na ukikosea kipengele unakatwa maksi. Hapo ndipo sina pa kushika. Swali lilelile la kwenye simu likigeuzwa kidogo tu, naliona geni.

Naomba mnisaidie. Maswali ya kuchagua yanafaa kweli kwa embriolojia au napoteza muda? Na kama yanafaa, yanafanywaje? UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni mwezi ujao na sitaki sapu, yaani kurudia mtihani. Naomba kuwasilisha.

dada_wa_anatomia

Mdogo wangu, pole na msuli. Yanafaa, tena sana, ila si kwa namna unayoyafanya.

Nilikuwa msaidizi wa kufundisha anatomia kabla sijahamia wodi ya watoto wachanga, na jambo lako nimeliona kwa wanafunzi wengi wenye bidii. Simu inakuwekea majibu matano, wewe unalitambua lililo sahihi kwa sura. Kutambua ni kazi nyepesi. Testi ya kweli/si kweli inaondoa yale mengine manne, inakuachia sentensi moja na kukuuliza unaijua au huijui. Hiyo ni kazi nyingine, na hujaifanyia mazoezi.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara mbili. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Sasa angalia walijipima kwa nini: kwa karatasi nyeupe. Hawakuwekewa A hadi E.

Kwa hiyo kwanza kabisa, funika machaguo. Kwenye simu weka kadi chini ya swali, kwenye pepa kunja karatasi. Soma swali, jibu kwa sauti au kwa kalamu, ndipo ufunue. Utakutana na swali lisilojibika likiwa limefunikwa, mfano "Ipi kati ya hizi ni kweli kuhusu notokodi?" Hilo usiliruke. Andika yote unayoyajua kuhusu notokodi (ufito wa katikati ya mgongo wa kiinitete): inatoka wapi, inakaa wapi, inaamrisha nini kwa ektodemi (tabaka la nje) iliyo juu yake, mabaki yake kwa mtu mzima yako wapi (ute wa katikati ya diski za uti wa mgongo). Ukishamaliza, funua uone mtunga swali alichagua lipi kati ya hayo.

Pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Jibu lisilo sahihi halikutoka hewani. Mtunga swali amelichukua kutoka swali jingine, na huko ni jibu sahihi. Usiondoke kwenye swali hadi kila chaguo umelitafutia swali lake.

Chukua hili, liko kwenye karibu kila pepa niliyowahi kuiona (mifuko ya koromeo ni vijishimo vya ndani ya shingo ya kiinitete):

Kipi kinatokana na mfuko wa 3 wa koromeo?
A. Tonsesi ya kaakaa
B. Paratiroidi za juu
C. Paratiroidi za chini
D. Uwazi wa sikio la kati
E. Seli C za thairoidi

Mtu wa haraka anabonyeza C, anapata alama ya kijani, anaenda swali linalofuata. Kapata fundisho moja na kaacha manne mezani. Wewe kaa hapo. A ingekuwa jibu kama ningeuliza mfuko wa 2. B ni mfuko wa 4. D ni mfuko wa 1, pamoja na mrija unaounganisha sikio na koo. E nayo inatoka mfuko wa 4, sehemu yake ya chini, kupitia kitu kinachoitwa altimobrankia. Sasa mifuko yote minne unayo, na swali lilikuwa moja tu.

Halafu jiulize kinachokukera hapo. Mfuko wa 3 uko juu ya mfuko wa 4. Imekuwaje paratiroidi (tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu) za mfuko wa juu zikaishia chini, na za mfuko wa chini zikabaki juu? Kwa sababu mfuko wa 3 unatoa pia thaimasi (tezi ya kinga), na thaimasi inasafiri kushuka kifuani. Inaposhuka inaziburura zile paratiroidi ndogo, zinakwenda nayo hadi zinapoachia chini ya thairoidi. Wakati mwingine haziachii, zinaendelea hadi kifuani, na ndiyo maana daktari wa upasuaji anayetafuta paratiroidi iliyopotea anaitafuta njia nzima ya thaimasi. Ukishaielewa safari hiyo, sentensi "Paratiroidi za chini zinatokana na mfuko wa 4" haitakuyumbisha hata ikija saa nane mchana chumba kikiwa na joto.

Songa hatua moja zaidi. Mifuko ya 3 na 4 isipokua, mtoto atakosa nini? Atakosa thaimasi, kwa hiyo kinga ya seli T inakuwa dhaifu. Atakosa paratiroidi, kwa hiyo kalsiamu inashuka na anaweza kupata degedege siku za mwanzo. Na mara nyingi moyo wake utakuwa na kasoro kwenye njia ya kutokea damu, kwa sababu seli za nyurokresti (zinazochomoka ukingoni mwa mrija wa neva na kuhamia sehemu nyingi za mwili) zinazosaidia kujenga mifuko ile ndizo zinazosaidia pia kuigawa ile njia kuwa aota na ateri ya mapafu. Huo ni ugonjwa wa DiGeorge, na wengi wao wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22. Swali la tonsesi limetufikisha kwenye moyo! Embriolojia yote iko hivi, ukivuta uzi mmoja unakuja na mwingine.

Fanya vivyo hivyo na matao ya koromeo (minyanyuko ya shingoni mwa kiinitete) na neva zake: tao la 1 neva ya 5, tao la 2 neva ya 7, tao la 3 neva ya 9, tao la 4 na la 6 matawi ya neva ya 10. La 5 hupotea. Jedwali hilo kila mtu analo ukutani, sina haja ya kulirefusha. Ninalotaka ufikirie ni ile neva ya zoloto inayoshuka kisha ikarudi juu. Kulia inazunguka chini ya ateri ya sabklavia, kushoto inashuka hadi kifuani na kuzunguka chini ya aota. Wanafunzi wanakariri tofauti hiyo kwa uchungu. Lakini mwanzoni neva zote mbili zilizunguka ateri ya tao la 6. Upande wa kushoto ateri hiyo ilibaki ikawa daktasi arteriosasi (mshipa wa kijusi unaounganisha ateri ya mapafu na aota), ikaishikilia neva hapohapo wakati moyo unashuka kifuani. Upande wa kulia sehemu hiyo ilipotea, na ya tao la 5 nayo haipo, neva ikapanda hadi ikakwama kwenye ateri ya tao la 4, ambayo kulia ndiyo mwanzo wa sabklavia. Hakuna cha kukariri tena.

Tatu, kalenda. Hapa ndipo maswali yanapowanyang'anya watu maksi kimyakimya. Vitabu vya embriolojia vinahesabu tangu siku ya kutungwa mimba. Kliniki na mashine ya altrasaundi wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takribani wiki 2 zaidi. Swali likisema "mama mwenye mimba ya wiki 6", kiinitete kina wiki 4. Moyo unaanza kupiga kama siku ya 22 tangu kutungwa, na ndiyo maana mapigo yanaanza kuonekana kwenye altrasaundi kama wiki ya 6 ya kliniki. Namba hizo mbili hazipingani. Kabla hujajibu swali lolote lenye wiki, andika pembeni ni wiki za nani.

Kwenye kalenda hiyo piga misumari michache tu, mengine utayatundika hapo. Siku ya 6 blastosisti inaanza kujipandikiza. Wiki ya 2 kila kitu ni viwili: trofoblasti (seli za nje zinazojenga kondo) imegawanyika mbili, kiinitete kina epiblasti na haipoblasti, uwazi ni wa amnioni na wa mfuko wa kiini. Wiki ya 3 tabaka tatu. Wiki ya 4 mwili unajikunja na mrija wa neva (utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo) unafunga, tundu la kichwani kama siku ya 25, la mkiani kama siku ya 28. Mwisho wa wiki ya 4 vichipukizi vya mikono vinatokeza, vya miguu vinafuata. Wiki ya 8 ikiisha, kiinitete kinaitwa kijusi.

Ukiwa na misumari hiyo, swali la thalidomaidi linajijibu lenyewe. Dawa ile iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 hadi 1961, na kipindi chake cha hatari kilikuwa takribani siku ya 20 hadi 36 tangu kutungwa mimba. Tazama kalenda: ni wakati vichipukizi vya mikono na miguu vinaandaliwa na kutokeza. Mama wengi siku hizo hawajajua hata kama ni wajawazito. Nikilifundisha swali hili huwa nasimama kidogo, kwa sababu nyuma ya chaguo lile kuna maelfu ya watoto wa kweli. Marekani dawa haikuidhinishwa kuuzwa, kwa kuwa mkaguzi wa mamlaka yao ya dawa, Frances Kelsey, alikataa kuipitisha bila ushahidi zaidi.

Kuhusu kukatwa maksi: ukifanya mazoezi, mbele ya kila kipengele andika H ukiwa na hakika, D ukidhani, B ukibahatisha. Ukisahihisha, B uliyopata ihesabu umekosa. H uliyokosa ndiyo ya kukimbilia kwanza, maana hapo umebeba kitu kisicho kweli na unakiamini.

Jihadhari pia na majibu ya mtandaoni. Baadhi ya seti hizo zimenakiliwa na kunakiliwa tena, na ufunguo wa majibu umekosewa. Ukipingana na ufunguo, fungua kitabu. Na vitabu vyenyewe vinatofautiana siku moja au mbili kwenye tarehe, kwa hiyo kwa UE fuata tarehe za mhadhiri wako.

mchoraji_Eldoret

Nakubaliana na dada kuhusu machaguo yasiyo sahihi, hiyo mbinu ni safi. Lakini mimi ningemwambia huyu kijana asifungue swali hata moja kabla hajachora. Hapa kwetu nimewaona wenzangu wakifanya maswali hadi usiku wa manane na hawawezi kukuchorea kiinitete cha wiki ya 3 kikikatwa katikati. Wanajua maneno, hawajui nini kiko juu ya nini. Embriolojia ni umbo linalosogea. Huwezi kulipata kwa maneno.

Mfano ni kuzunguka kwa utumbo wa kati. Kila mtu anakariri "digrii 270 kinyume na mwendo wa saa kuzunguka ateri ya juu ya mesenteri". Muulize sasa kolon (utumbo mpana) inayokatiza tumbo iko mbele au nyuma ya ateri hiyo, ananyamaza.

Chukua kamba ya kiatu. Ikunje iwe kitanzi, kichwa cha kitanzi kikikuelekea wewe, mguu mmoja juu na mwingine chini. Wa juu ndio utakaokuwa utumbo mwembamba. Wa chini ufunge fundo: hilo ni sikamu, mwanzo wa utumbo mpana. Kalamu ipite katikati ya miguu miwili ikikuelekea, hiyo ni ateri. Wewe umesimama mbele ya mtoto, kwa hiyo kushoto kwako ni kulia kwake.

Wiki ya 6 utumbo unatoka nje kuingia kwenye kitovu, tumbo halina nafasi kwa sababu ini na figo zimekua haraka. Ukiwa nje unazunguka digrii 90: mguu wa juu unakwenda kulia kwa mtoto, fundo linakwenda kushoto kwake. Wiki ya 10 unaanza kurudi ndani na kumalizia digrii 180. Zungusha kamba polepole. Mguu uliokuwa juu unapita chini ya kalamu, unaishia kushoto kwa mtoto, na kweli jejunamu (sehemu ya utumbo mwembamba) iko huko. Fundo linapita juu, mbele ya kalamu, linaishia kulia chini ya ini, kisha baadaye linashuka mahali pake karibu na nyonga ya kulia. Kolon imepita mbele ya ateri, duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) imebaki nyuma yake. Umeviona vyote kwa mkono wako. Sasa fungua maswali.

dada_wa_anatomia

Mchoraji, kamba yako naichukua, nitaitumia wodini. Kuhusu mpangilio hatuko mbali. Ninachokataa ni mwanafunzi kuchora wiki tatu nzima bila kujipima, halafu anagundua siku ya testi kwamba alikuwa ananakili mchoro wa kitabu. Chora kitabu kikiwa kimefungwa, hapo sina neno.

Nyongeza kwa msuli_wa_usiku: fanya ile kamba, kisha izuie katikati, isimalize digrii 180. Sikamu inabaki juu, nyuzi zinazoishikilia zinakatiza mbele ya duodenamu, na utumbo mzima unaning'inia kwenye shina jembamba linaloweza kujisokota. Mtoto mchanga akitapika kijani wodini kwangu, hiyo ndiyo picha inayonijia, na simu ya kwanza inakwenda kwa daktari wa upasuaji. Utumbo uliojisokota unakatiwa damu, na saa zinahesabika. Ukikutana na swali lenye "matapishi ya kijani siku ya kwanza", usilitafutie jibu haraka. Andika sababu zote za kuziba chini ya mahali nyongo inapoingilia, ndipo uchague.

mkunga_Tanga

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ni muuguzi mkunga, nimekaa leba miaka mingi. Nimefurahi kuona mnazungumzia wiki za kliniki, maana hata sisi wanafunzi tunaowapokea kwa mazoezi linawachanganya.

Nataka niongezee kuhusu mgongo wazi, yaani mrija wa neva usipofunga upande wa mkiani. Mwanangu, dada amekuambia tundu la mkiani linafunga kama siku ya 28. Kwa kadi ya kliniki hiyo ni wiki ya 6. Sasa mama zetu wengi wanakuja kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Tunampa vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki, na vina faida yake kwake, lakini mrija wa neva wa mtoto ulishafunga au ulishashindwa kufunga zamani. Ndiyo maana ushauri ni kuanza mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika mimba. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa 1991 ulihusu kina mama waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Waliopewa miligramu 4 kwa siku tangu kabla ya mimba, tatizo kujirudia lilipungua kwa asilimia 72. Swali likikuuliza asidi ya foliki ianze lini, usichague "mara tu mama anapojua ana mimba" hata kama linapendeza.

Hapa Tanzania unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani unaongezwa foliki kwa kanuni, ila unga wa dona unaosagwa mashine ya mtaani haupitii huko. Tunaona watoto wa mgongo wazi, tunawafunika kidonda kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi, tunawalaza kifudifudi, tunawapa rufaa. Wapo wanaofika hadi MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, wakafanyiwa upasuaji.

Na kile cha utumbo kuwa nje, usivichanganye viwili. Utumbo ukiwa ndani ya utando mwembamba, na kitovu kikitokea juu ya huo mfuko, huo ni ule ulioshindwa kurudi wiki ya 10, na mtoto huyo mchunguze moyo wake pia maana mara nyingi hana tatizo moja. Utumbo ukiwa nje bila kufunikwa na tundu likiwa pembeni ya kitovu, mara nyingi kulia, huo ni ukuta wa tumbo ulioshindwa kufunga. Vyote viwili mpe mtoto joto na ufunike. Ule usio na mfuko unapoteza maji na joto upesi zaidi, kwa hiyo tunautia kwenye plastiki safi mara moja kabla ya safari. Ukiwaona wawili hao mara moja tu, hutawachanganya kwenye karatasi.

msuli_wa_usiku

Shikamoo mama mkunga, na asanteni sana nyote. Kamba ya kiatu nimeifanya na wenzangu wa chumbani, mmoja akawa ateri kwa kunyoosha kidole. Kolon kupita mbele sasa naiona.

Dada, nimejaribu mbinu yako kwenye swali moja la nyurokresti. Naomba unisahihishie. Swali: kipi HAKITOKANI na nyurokresti? A. Seli za Schwann, B. Melanositi, C. Gamba la adrenali, D. Vifundo vya neva vya ukuta wa utumbo, E. Odontoblasti.

Nilifunika, nikajibu kichwani "kitu cha mesodemi" (tabaka la kati), nikafunua, nikachagua C. Kisha nikatafutia kila kimoja swali lake:

C: gamba la adrenali ni mesodemi, lakini kiini chake cha ndani ni nyurokresti. Kwa hiyo tezi moja, asili mbili. Ndiyo maana uvimbe wa kiini unatoa adrenalini na uvimbe wa gamba unatoa kotisoli.

D: visipofika mwisho wa utumbo mtoto hapati choo, tumbo linajaa, ni ugonjwa wa Hirschsprung. Seli zinasafiri kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo sehemu inayokosa ni ya mwisho, kuanzia rektamu.

E: odontoblasti zinatengeneza dentini. Ila zile zinazotengeneza enameli zinatoka ektodemi ya juu, kwa hiyo jino nalo lina asili mbili.

B: melanositi zinahamia kwenye ngozi, ingawa ngozi ya juu yenyewe ni ektodemi.

A: seli za Schwann zinavika neva mailini (ala ya mafuta). Ningeuliza: "Mailini ya neva za kichwa, kuanzia ya 2 hadi ya 12, inatengenezwa na nini?" Jibu Schwann.

Niko sawa?

dada_wa_anatomia

C, D, E na B uko sawa kabisa, na lile la seli kusafiri kutoka juu kwenda chini sikukuambia mimi, umelifikia mwenyewe. Kwenye C ongeza tu kwamba gamba nalo linatoa homoni zaidi ya moja, kwa hiyo uvimbe wake hautoi kotisoli peke yake.

A ina kasoro moja, na ni ile ile ambayo mtunga testi ataitumia. Neva ya 2 iondoe kwenye orodha yako. Neva ya macho si neva kama nyingine. Jicho lilianza wiki ya 4 kama kifuko kilichochomoza kutoka ubongo wa mbele, na shina la kile kifuko ndilo lililokuwa neva ya 2. Kwa hiyo ni sehemu ya ubongo iliyonyooka hadi kwenye jicho, na mailini yake inatoka kwa oligodendrositi, ambazo asili yake ni mrija wa neva. Sasa tafutia oligodendrositi swali lake, na ukimaliza jiulize kwa nini ugonjwa unaoshambulia mailini ya ubongo na uti wa mgongo mara nyingi unaanza kwa mgonjwa kulalamika macho.